Dereva Amekosea. Barabara Ilifanya Nini?

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa madereva wa masafa marefu, Makambako. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini siku ile.

Ndugu mgeni rasmi, wahandisi wetu mlioitikia mwaliko, afande wa usalama barabarani, mama zangu wa vibanda vya stendi, na ninyi madereva wenzangu mlioegesha magari tangu jana usiku ili muwahi kiti: wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie usalama. Kila tukikutana tunaambiwa yaleyale: dereva apunguze mwendo, asiovateki kwenye kona, asinywe, alale usingizi wa kutosha. Yote ni kweli na sipingi hata moja. Ila leo nataka tuulize swali ambalo huwa haliulizwi baada ya ajali. Mnajua taarifa inavyosomwa redioni: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva aliyejaribu kulipita gari la mbele bila kuchukua tahadhari. Basi, faili limefungwa, maiti zinasafirishwa, na wiki inayofuata tunasikia taarifa nyingine, mahali palepale.

Dereva amekosea, sawa. Barabara ilifanya nini?

Nauliza kwa sababu binadamu hukosea. Mwaka 1997, mwezi wa Oktoba, Bunge la Sweden lilipitisha sera ambayo msingi wake ni mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: kifo barabarani hakikubaliki, na anayesanifu barabara anabeba wajibu pamoja na anayeiendesha. Kosa la dereva linatarajiwa kabla halijatokea. Kazi ya mhandisi ni kuhakikisha kosa hilo halimuui yeye wala abiria wake. Mwaka ule barabara za Sweden ziliua watu zaidi ya 500. Mwaka 2020 waliokufa walikuwa kama 200. Je, mnadhani Waswidi wameacha kuchoka? Wameacha kushika simu? Wameacha kuwa na haraka ya kufika nyumbani? Ni watu kama sisi. Barabara zao ndizo zilizobadilika.

Leo nataka nitaje vitu ambavyo mimi, kama dereva, natamani nivione kwenye barabara yetu hii ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Sitaomba njia nane. Nitaomba vitu ambavyo vipo mahali, vimejaribiwa, na vinajulikana vinaokoa.

Tuanze na kile kinachotuua zaidi: kugongana uso kwa uso.

Mnakumbuka Changarawe, hapa jirani Mafinga, Machi 2015? Lori lenye kontena na basi la abiria. Kontena likaliangukia basi, zaidi ya watu 40 wakafa. Wengine humu tulipita pale siku hiyo, tunajua tulichokiona, na sitakirudia mbele ya mama zangu. Ninachosema ni hiki: kati ya basi lile na lori lile palikuwa na nini? Palikuwa na mstari wa rangi. Mstari wa rangi haujawahi kuzuia gari.

Waswidi walikuwa na barabara ambazo zingefanana na ndoto zetu. Upana wa mita 13, njia moja kwenda, moja kurudi, na mabega mapana kila upande. Madereva wakawa wanaovateki katikati huku wa upande wa pili wakisogea begani kuwapisha. Barabara pana, nzuri, na ikawa inaua vibaya sana. Mwaka 1998, kwenye barabara kuu ya E4 karibu na mji wa Gävle, walifanya jaribio. Hawakuipanua hata kidogo. Walichukua mita zilezile 13 wakachora njia tatu, kisha wakasimamisha nguzo na kamba za chuma kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi. Kwa kilomita moja au mbili upande wako una njia mbili, ovateki upendavyo. Kisha zamu inahamia upande wa pili, nawe unatulia kwenye njia moja ukijua kwamba mbele kidogo zamu yako inarudi. Huna haja ya kujaribu bahati kwenye kona.

Walipingwa. Watu wa uokoaji waliuliza watapitaje, na waendesha pikipiki waliogopa zile kamba. Mjadala ulikuwa mkali. Lakini vifo kwenye barabara hizo vilipungua kwa takribani robo tatu na zaidi, na leo nchi ile ina maelfu ya kilomita za namna hiyo.

Wahandisi wangu, najua mtaniambia nini. Kamba ya chuma inalishika gari dogo, haitalishika semi tela la tani 56. Nakubali. Kwa hiyo kwenye miteremko na kona naomba ukuta wa zege, na kwenye tambarare tuanze na kamba. Wala hatuhitaji kwenda mpaka Ulaya kujifunza. Majirani zetu Kenya wana kile kipande cha Salgaa hadi Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kila dereva wa Kenya anakijua kwa kilio. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori yaligongana uso kwa uso pale Migaa, watu 36 wakafa katika mkesha wa mwaka mpya. Baada ya hapo serikali yao ilikitengeneza upya kile kipande, wanaopanda na wanaoshuka wakatenganishwa. Wale ni madereva walewale, na malori ni yaleyale yenye mzigo wa Kampala na Kigali. Aliye njia ya kupanda hamfikii tena aliye njia ya kushuka.

Na hapo hapo naunganisha ombi la njia ya kupandia. Mnajua hali ilivyo: lori limejaa, linapanda kwa gia ya chini, moshi unatoka, nyuma yake magari kumi na matano. Wa kwanza ana subira, wa pili ana subira, wa saba ana msiba Songea. Anatoka. Je, huyu ni mzembe tu? Au ni mtu aliyefungiwa nyuma ya lori kwa kilomita nyingi bila kupewa mahali hata pamoja pa kupita kwa usalama? Palipo na mlima, tunaomba njia ya tatu kwa wanaopanda. Lori litulie kushoto, wengine wapite, na dereva wa lori naye aache kazi ya kuwawashia watu indiketa ya pita, usipite, utadhani yeye ndiye trafiki.

Jambo la pili. Hili wenzangu wa malori litawagusa.

Barabara hii yetu ya Tanzam, yaani ya Tanzania na Zambia, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fikirini magari ya wakati ule. Leo sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu gari la ekseli saba kufikia tani 56. Tani 56 zinashuka Kitonga. Nani humu hajashuka Kitonga na mafuta au shaba? Unatoka Ilula, barabara inainama kuelekea Ruaha Mbuyuni, kona baada ya kona, kushoto na kulia ni mwamba au korongo. Ukikanyaga breki mfululizo, ngoma za breki zinapata moto, harufu inaanza kuingia ndani, kisha mguu unakwenda chini na gari halisikii. Upepo wa breki umeisha. Gia haikubali tena kurudi chini. Sasa nawauliza: unalielekeza wapi?

Sitanii na swali hili. Unalielekeza wapi? Ukutani? Korongoni? Kwenye basi lililo mbele yako?

Dereva mwenzetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi Afrika Kusini kati ya Johannesburg na Durban, alinisimulia kuhusu mteremko wa Van Reenen kwenye barabara yao ya N3. Alisema kabla hujaanza kushuka, vibao vinakueleza: mteremko una urefu huu, shika gia ya chini, na njia ya dharura ipo umbali huu. Ukifika unaiona pembeni: njia inayochepuka kutoka barabara kuu, imejazwa changarawe za mviringo, zisizoshindiliwa, kwa kina kirefu. Gari lililofeli breki likiingia, magurudumu yanazama kama mguu unavyozama kwenye mchanga wa mtoni, na katika makumi ya mita tani zote zile zimesimama. Gari litachubuka na kulitoa ni kazi. Lakini dereva anashuka kwa miguu yake, anapiga simu kwa mkewe.

Mwenzetu huyo aliniambia kitu kimoja ambacho sijakisahau. Alisema hakuwahi kuitumia hata siku moja. Lakini kila aliposhuka mteremko ule, kichwani alikuwa na jibu la lile swali la wapi. Na dereva mwenye jibu hushuka akiwa ametulia.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili, wahandisi. Kwanza, uwanja wa kukagua breki juu ya kila mteremko mkali, mahali ambapo lori linalazimika kusimama, breki zipoe, dereva aguse ngoma, aangalie upepo, achague gia kabla hajaanza kushuka. Uwanja huo ni eneo tambarare na kibao, si mradi wa kukopa fedha nje. Pili, vitanda vya changarawe: Kitonga, kule Sekenke kwa wanaokwenda Singida, na kwenye miteremko ya Mbeya ya Inyala na Iwambi, ambako wananchi wa Mbalizi wamezika watu wao mara nyingi mno kwa sababu ya lori lililokosa pa kwenda.

Na ninyi wenzangu mnaoshuka na nyutro, gari halimo kwenye gia yoyote, ili kubana mafuta, acheni. Changarawe iwepo au isiwepo, acheni.

Sasa tuzungumzie usiku.

Tangu Oktoba 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya miaka mingi ya zuio. Wafanyabiashara wamefurahi, abiria wamefurahi, na mimi sioni vibaya. Lakini je, barabara nayo ilitayarishwa kwa ajili ya usiku? Mvua inanyesha, ukungu wa Iringa umeshuka, anayekuja mbele amewasha fulu na hataki kupunguza. Rangi ya mstari imefutika. Wewe unaona nini? Unaona weupe tu, na unaendesha kwa kukumbuka.

Miaka ya 1930 kule Halifax, Yorkshire, Uingereza, alikuwapo mtu aliyeitwa Percy Shaw. Hakuwa profesa. Alikuwa fundi mwenye biashara ya kutengeneza barabara, na alikuwa akiendesha usiku kwenye ukungu kama wetu. Masimulizi yanasema alizoea kufuata mng'ao wa reli za tramu, na reli zilipong'olewa akabaki gizani. Akabuni kile kijicho cha kioo kinachowekwa katikati ya barabara na kurudisha mwanga wa taa zako. Alikisajili mwaka 1934. Ninachokipenda zaidi ni hiki: vioo aliviweka ndani ya mpira, na gari likikikanyaga, mpira unabonyea na kuvifuta vioo kwa maji ya mvua yaliyokusanyika chini yake. Kinajisafisha. Kinakanyagwa na kinazidi kuona. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, taa zikazimwa nchi nzima kwa hofu ya ndege za adui, na vijicho vile ndivyo vilivyowafikisha watu makwao.

Miaka tisini imepita. Tunavyo? Vipo maeneo kadhaa, mnavijua, na mnajua mnavyopumua mkifika kwenye vipande hivyo. Tunaomba viwe kila kona, kila daraja, kila mteremko wa barabara kuu. Pamoja navyo tunaomba zile rasta ndogo kwenye ukingo wa lami, ili gurudumu likitoka nje ya mstari usukani utetemeke na dereva aliyesinzia ashtuke. Kiongozi yeyote aliyewahi kulala kiti cha mbele cha basi usiku anajua kwamba sekunde moja ya kushtuka ina thamani gani.

Na mabega, jamani. Mabega ya barabara! Lori likipata pancha saa nane za usiku mahali ambapo lami inaishia kwenye mtaro, linabaki palepale, nusu ya barabara. Utingo anakimbia porini kukata majani ya mti, anayatandaza lami. Hiyo ndiyo alama yetu ya hatari: majani. Yakikauka au yakipeperuka, anayekuja nyuma hana habari. Naomba nisieleweke vibaya, pembetatu ya kuakisi ni wajibu wetu kisheria na kila gari liwe nayo. Lakini pembetatu haiwezi kulisogeza lori. Bega pana la lami linaweza.

Hapa nina neno kwa wanaong'oa vibao vya barabarani na kuviuza kama chuma chakavu. Kibao cha kona ulichokiuza kina jina la mtu atakayekufa pale. Na sisi madereva tunaowaona na kunyamaza, tusinyamaze.

Jambo la nne ni mahali pa kusimama. Hapa nataka mama zangu wa vibanda wanisikilize, kwa sababu ni lao kuliko letu.

Juni 30, 2023, jioni, pale makutano ya Londiani, Kericho, Kenya, lori liliacha njia likaingia kwa wachuuzi waliokuwa wakiuza pembeni mwa barabara, na kwa magari na bodaboda zilizokuwa zimesimama. Watu 52 walikufa. Wengi walikuwa wanauza mboga na matunda, kama ninyi. Baada ya hapo likatolewa agizo: wachuuzi waondoke barabarani. Kila mahali huwa ni agizo hilohilo. Waondoke. Lakini waende wapi? Mama anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni, anayeuza nyanya Ilula, anauza pale kwa sababu basi linasimama pale. Mhamishe mita mia tano ndani, mtaji umekufa kwa wiki moja. Atarudi, na ana haki ya kula.

Wajapani walilitazama jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1993 walianzisha vituo vya barabarani wanavyoviita michi-no-eki, na leo vimezidi 1,200 nchi nzima. Kituo kinajengwa nje ya barabara kuu, kina njia yake ya kuingilia na ya kutokea. Maegesho bure, saa 24. Vyoo safi, saa 24. Habari za barabara iliyo mbele. Na ndani yake ni soko, ambapo wakulima wa eneo lile ndio wenye meza. Dereva anapumzika, mkulima anauza, na hakuna anayevuka lami akikimbilia dirisha la basi. Likipiga tetemeko, vituo hivyo hugeuka mahali pa kukimbilia na kugawia chakula.

Ndugu zangu, kati ya Morogoro na Mbeya, dereva wa lori la mafuta aliyechoka analala wapi kihalali na kwa usalama? Tunamwambia alale, tunampiga faini akiegesha vibaya, na hatujamjengea pa kuegesha. Basi linasimama popote penye soko, konda anapiga kelele dakika tano, abiria wanashuka upande wa magari. Kituo kimoja kila baada ya saa mbili za mwendo kingeokoa madereva, abiria na wachuuzi kwa pamoja. Halmashauri zitapata ushuru. Mama atapata paa. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya vyote nilivyovitaja leo, ningechagua hiki, hata kabla ya kamba za Waswidi, kwa sababu ndicho pekee ambacho kijiji kizima kitakilinda kisiharibiwe.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo mengine nayagusa tu. Mikumi, tunakatiza hifadhi kwa kilomita 50 na tunategemea matuta na faini kuwalinda wanyama. Kule Kenya karibu na Timau, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, walijenga pango la kupitia tembo, na tangu mwanzoni mwa 2011 tembo wanapita chini na sisi juu. Lifikirieni. Kwenye makutano ya mikoani, kabla ya kukimbilia taa ambazo umeme ukikatika zinakuwa mapambo, tujenge kipilefti, kwa sababu kinamlazimisha kila mtu apunguze mwendo na hakuna wa kumgonga mwenzake ubavuni kwa kasi. Na shule: Dar es Salaam upo mradi uitwao SARSAI, wa shirika la Amend, ambao umejenga njia za miguu, matuta na vivuko kwenye shule za msingi, na majeraha ya watoto yakapungua. Sisi wenye magari makubwa ndio tunaotakiwa kuuombea ufike vijijini, maana mtoto anayetoka shuleni akitembea kwenye lami ya barabara kuu anatembea mbele ya bampa letu.

Sasa kazi. Wahandisi mlioko hapa mmesema mtapokea mapendekezo yetu kwa maandishi. Msiandike "barabara ni mbovu". Hiyo haimsaidii mtu. Pale kwa katibu kuna karatasi. Kila dereva aandike mahali anapopahofia, namba ya kilomita iliyo kwenye jiwe la pembeni, upande unaokwenda, saa ya mchana au usiku, na kitu unachokitaka pale: ukuta, changarawe, vijicho, bega, kituo. Wenye malori waanze na miteremko, wenye mabasi waanze na mahali pa kushushia abiria. Mama zangu, nanyi andikeni, mnayaona magari siku nzima kuliko yeyote kati yetu. Asiyejua kuandika aniite, nitamwandikia. Karatasi zinafungwa saa kumi jioni, na kesho asubuhi ninazipeleka mwenyewe ofisini Njombe.